Nani Aliyesikia?

Muhula huu yamezuka mabishano makubwa katika mabweni yetu. Mwenzetu mmoja alirudi kutoka likizo na habari kwamba kiongozi mmoja mkubwa wa nchi za nje amewaita Waafrika kwa jina la mnyama. Wengine wakawaka hasira, wengine wakasema ni uzushi mtupu. Walibishana mpaka kengele ya kulala, wala sikusikia hata mmoja akiuliza: Nani aliyesikia? Yalisemwa wapi, na lini? Nami nasema kwamba maswali hayo ni ya lazima, na mfano ninao, unaotuhusu sisi Watanzania wenyewe.

Tarehe 25 Oktoba 1971, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mjini New York liliamua kuipa Jamhuri ya Watu wa China kiti chake. Kura 76 zilikubali, 35 zilikataa, na nchi 17 hazikuegemea upande wowote. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizolipeleka azimio hilo, na balozi wetu pale alikuwa Salim Ahmed Salim, kijana wa miaka 29. Matokeo yalipotangazwa, wajumbe wetu walishangilia na kucheza ukumbini. Marekani, iliyokuwa ikiitetea Taiwan, ilichukizwa mno.

Kesho yake Ronald Reagan, wakati huo gavana wa California, alimpigia simu Rais Richard Nixon. Akawataja wajumbe wale aliowaona katika televisheni kuwa ni nyani kutoka nchi za Afrika, ambao hata viatu hawajavizoea. Nixon akacheka. Lakini ofisi ya Nixon ilikuwa na mitambo ya kunasa maongezi, na maneno hayo yakabaki katika kanda.

Kanda hiyo ilipotolewa mwaka 2000, kipande chenye tusi kilikuwa kimeondolewa ili kulinda siri za Reagan, aliyekuwa hai bado. Reagan alifariki mwaka 2004. Baadaye mwanahistoria Timothy Naftali, aliyepata kuiongoza maktaba ya Nixon, aliomba kipande kile kifunguliwe, akakitangaza Julai 2019. Miaka 48 ilikuwa imepita. Kabla ya siku hiyo, raia wa kawaida aliyedai kwamba Reagan ametutukana hakuwa na ushahidi wa kuonyesha. Naye aliyeapa kwamba hakututukana alisema asilolijua. Jibu la haki lilikuwa moja tu: "Bado hatujui." Wengi wetu hatulipendi jibu hilo, twaliona la woga. Mimi naliona ni jibu la mtu mwenye akili.

Kanda ile ina funzo jingine. Siku ile ile Nixon alimsimulia habari hiyo waziri wake wa mambo ya nje, William Rogers. Akasema kwamba Reagan amewaona "wala watu", nao hata viatu hawakuvaa. Tazameni! Nyani wamegeuka wala watu, na wasiozoea viatu wamekuwa hawana viatu kabisa. Habari ilikuwa imepita mdomo mmoja tu, tena wa mtu aliyeisikia kwa sikio lake. Je, itakuwaje kwa habari inayopanda mlima kutoka Ipogolo mpaka Kihesa, ikipitia midomo ishirini na simu mia?

Wengine husema, "Ikiwa kweli wako wanaotudharau, kuna hasara gani kusadiki na la uongo?" Hasara ipo. Mwaka 2015 zilienea habari kwamba Donald Trump, aliyekuwa akigombea urais wa Marekani, amewatukana Waafrika katika hotuba fulani. Wachunguzi walipoitafuta hotuba hiyo hawakuiona. Uongo wa namna hiyo humpa mtukanaji wa kweli njia ya kuponea, maana atasema, "Mlinizulia jana, na leo pia mnanizulia." Bali kanda ya Reagan ilipofunguliwa, hata binti yake, Patti Davis, aliandika gazetini kwamba maneno yale hayana utetezi.

Wala ushahidi tusiutie chumvi. Mwaka 1981, Reagan akiwa rais, Marekani ilimzuia Salim kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Wako wasemao kwamba ni kisasi cha ngoma ile. Huenda, lakini kanda haisemi hivyo, nasi tusiisemee.

Wahenga walinena, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Methali hii isitufanye wavivu. Nawaomba wanafunzi wenzangu, walimu wetu, na wazazi wanaotupokea likizoni: tukiletewa tusi, tuulize kwanza nani aliyesikia. Likithibitika, tulikemee bila kuogopa ukubwa wa aliyelitamka. Lisipothibitika, tusilibebe kwenda kwa mwingine.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano