Tusiyarudie majaribio tu mpaka yafaulu

Naomba kusisitiza jambo moja: jaribio la programu linalofaulu leo na kufeli kesho, bila mtu kugusa msimbo, lisirudiwerudiwe tu mpaka lifaulu. Lina sababu, nayo itafutwe.

Kwetu mashariki mwa Uganda, sababu mojawapo ni saa. Tuko saa 3 mbele ya UTC, ambayo seva nyingi huifuata. Kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa, simu ya mhudumu wa afya wa kijiji huko Mbale imeshaingia tarehe mpya, ilhali seva bado iko jana. Jaribio linalokagua "watoto wa kutembelewa leo" linaweza kufeli saa hizo, na mchana likapita bila shida. Dawa ni kuipa programu saa bandia wakati wa jaribio, kisha kuipima makusudi usiku huo wa manane.

Mtandao nao ni hivyo hivyo. Programu nyingi za wahudumu hawa huhifadhi taarifa kwenye simu kwanza, kisha huzituma mtandao ukipatikana. Ukiagiza "subiri sekunde 5", jaribio litafaulu kwenye mtandao mzuri wa Jinja mjini na kufeli miteremkoni mwa Mlima Elgon. Subiri ishara kwamba taarifa zimefika, na uweke kikomo.

Timu ikizoea kupuuza majaribio yaliyofeli, kasoro ya kweli itapita humo humo, na atakayeumia ni mtoto asiyetokea kwenye orodha ya mhudumu.