Peugeot Kuukuu na Usukani Wake: Tengeneza Miguu Kabla ya Kupaka Rangi

Msomaji mpenzi, mapenzi ya gari kuukuu hayakuanza leo. Wapo watu wa Shangani, kama walivyopo watu wa kila mji wa pwani yetu, ambao huliona Peugeot 504 la marehemu baba likiwa limefunikwa turubai uani, nao wakaapa kwamba litarudi barabarani. Nia hiyo ni njema. Lakini mara nyingi fedha ya kwanza huliwa na rangi, ya pili na vitambaa vya viti, na ya tatu na redio. Usukani huachwa vilevile, ukizunguka robo nzima kabla magurudumu hayajatii.

Jumapili hii tuzungumze juu ya usukani huo na miguu ya mbele inayoufuata.

Gari hili lilitoka kiwandani Ufaransa kwa mara ya kwanza mwaka 1968, na mwaka uliofuata likachaguliwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Kaka yake, Peugeot 404, alikwisha kujipatia heshima kwetu. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda nalo mbio za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966, akarudia mwaka 1967. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda mbio hizo kwa 504. Sifa hizo zilipatikana juu ya vumbi, mawe na tope, si juu ya lami.

Huko Marekani, wenye magari makubwa ya miaka ya 1960 hutumia fedha nyingi kung'oa sanduku la zamani la usukani na kuweka raki mahali pake, ili gari liitike upesi. Wewe mwenye 504 huna haja hiyo, kwa maana raki ulikwisha kupewa na kiwanda. Kazi yako ni kurudisha kile kilicholika.

Anza na uchunguzi. Inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, kisha uliweke gari juu ya stendi imara. Jeki peke yake isiaminiwe kamwe, hata kwa dakika moja. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie msaidizi wako akanyage breki, utikise tena. Kama mchezo umekwisha, shaka iko kwenye beringi. Kama ungalipo, tazama boljointi iliyo chini ya mguu. Sasa shika tairi kushoto na kulia. Likicheza upande huo, tazama tairodi endi na raki yenyewe.

Tairi nalo ni shahidi. Likilika ukingo mmoja tu, magurudumu hayatazami panapopasa. Likilika kwa mabonde-mabonde, shokapu zimechoka.

Hapa Shangani tunaye adui mwingine, nayo ni chumvi. Upepo wa bahari hauchagui gari la tajiri wala la maskini. Kagua mahali ambapo mguu wa mbele hushikana na bodi, chini ya boneti. Kutu ikila hapo, hakuna shokapu mpya itakayokuokoa mpaka bati lichomelewe upya na fundi hodari. Kagua pia mipira iliyofunika ncha za raki. Ikipasuka, mchanga na maji huingia, na raki nzima ikafa kwa kukosa kitu cha bei ndogo. Ukiwapeleka watoto Msimbati, na ukajaribu kuendesha juu ya mchanga wa ufukweni kama wafanyavyo wengi, osha chini ya gari kwa maji baridi siku hiyohiyo.

Katika matengenezo, fuata utaratibu. Bushi kwanza, kisha boljointi na tairodi endi, kisha shokapu. Badilisha kulia na kushoto kwa pamoja. Bolti za bushi za mpira zikazwe mwisho wakati gari limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza miguu ikining'inia, mpira utabaki umejipinda na kuchanika mapema. Kila nati ya boljointi na tairodi irudishiwe pini mpya ya kuizuia isifunguke. Springi zisifunguliwe bila kifaa cha kuzibana, kwani ikifyatuka moja huweza kuua. Hiyo ni kazi ya gereji. Mwisho kabisa yapimwe magurudumu, kwa vipimo vya kitabu cha gari hilo.

Jihadhari na vishawishi viwili. Matairi mapana huufanya usukani kuwa mzito na kuumiza viungo vipya. Kukata springi ili gari liinamie barabara huharibu kazi yote uliyoilipia.

Pengine utauliza, kwa nini tabu yote hii? Zamani safari ya Dar es Salaam ilikuwa ya kungoja kivuko cha Rufiji. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, pamoja na lami, vimeongeza mwendo. Lakini mwezi Mei 2024 mafuriko yaliikata njia hiyo huko Somanga, nasi tukakumbushwa kwamba lami huweza kuwa na shimo mahali ambapo jana hapakuwa nalo. Tairodi iliyochoka ikikatika kwenye mwendo wa kilometa 80 kwa saa, dereva hushika usukani usioongoza kitu, na nyuma yake wamelala mama na watoto.

Basi, ndugu msomaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Rangi iliyochakaa haijamwua mtu. Iache ingoje mshahara mwingine. Jumapili ijayo tutaitazama breki.