Tusiyoyajua, na Yeye Tumjuaye



Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa ilinyesha Hanang. Miamba laini ya mlima ikanyonya maji, ikameguka, na tope likashuka juu ya Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa.

Tangu siku ile, kila yatandapo mawingu, watoto hutuuliza, "Je, mlima utaanguka tena?" Wazazi na walimu, tusiwadanganye. Tuseme, "Hatujui." Wala tusiwaambie waliofiwa kwamba tunaijua sababu, rafiki zake Ayubu walifanya hivyo, wakakemewa.

Lakini tabia ya Mungu twaijua. Bwana Yesu, ajapokuwa alijua kwamba atamfufua Lazaro, alilia pamoja na waliofiwa. Mtoto ashikaye mkono wa babaye gizani haioni njia, ila mkono anaujua.

Basi na tuwafundishe watoto dalili za hatari na mahali pa kukimbilia, kisha tusali pamoja nao. Kumtumaini Mungu si kufumba macho.