Kijana Khaman Maluach: Amewiva, au Ameepuliwa Mapema?

Mpira wa kikapu wa Marekani una ada moja ambayo mgeni huiona ya ajabu. Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Juni, timu za ligi ya kulipwa, ile iitwayo NBA, hukutana na kuchagua vijana mmoja baada ya mmoja, mbele ya kamera na umati wa watu. Mtu angedhani ni mnada wa samaki pale ufukoni, ila hapa hakuna kupandiana bei, kuna zamu tu. Usiku wa tarehe 25 Juni 2025, huko Brooklyn katika jiji la New York, zamu ya kumi ilipofika lilitajwa jina la Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini mwenye miaka 18. Alipohojiwa juu ya nchi yake na bara lake, alitokwa na machozi mbele ya dunia nzima.

Tangu siku hiyo nimesikia maneno ya aina mbili. Wako wanaosema kuwa Afrika Mashariki imepata nyota wake, na kilichobaki ni kuhesabu vikombe. Wako wengine wasemao kuwa kijana amechaguliwa kwa urefu wake tu. Mimi siwaungi mkono hawa wala wale. Rai yangu ni kuwa kijana huyu ana sehemu moja ya kazi iliyokwisha kuwiva, na sehemu nyingine bado mbichi, na kwamba utaratibu wa siku hizi umemwondoa chuoni kabla hajafundishwa hiyo sehemu ya pili. Basi nitaeleza kwa nini nasema hivyo.

Maluach alizaliwa Rumbek tarehe 14 Septemba 2006, wakati Sudan ilikuwa bado nchi moja. Jamaa zake walihamia Uganda, naye akakulia Kawempe, mjini Kampala, akicheza kandanda kama watoto wote wa huko. Kikapu alikianza akiwa na umri wa kama miaka 13. Kutoka hapo mambo yakaenda mbio. Alichukuliwa kwenye shule ya mpira ya NBA iliyoko Saly, nchini Senegal; akacheza katika ligi ya Afrika, BAL, kwa timu za nchi tatu, yaani Sudan Kusini, Senegal na Uganda; akiwa na miaka 16 akashiriki mashindano ya Kombe la Dunia ya mwaka 2023, na akiwa na miaka 17 akaenda Olimpiki ya Paris. Hiyo ndiyo timu iliyowatia Wamarekani jasho London tarehe 20 Julai 2024, wakaponea kwa pointi moja tu, 101 kwa 100. Halafu kwenye Olimpiki ikaifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Si haba kwa taifa lililopata uhuru wake mwaka 2011.

Baada ya Paris alijiunga na Chuo Kikuu cha Duke, chini ya mwalimu Jon Scheyer. Duke ni miongoni mwa vyuo vikubwa kabisa katika mchezo huu, na mwaka ule kilikuwa na vijana wawili wengine, Cooper Flagg na Kon Knueppel, ambao wote walichaguliwa kabla ya Maluach usiku ule wa Brooklyn. Kazi yake ilikuwa ya senta, yule mrefu anayesimama karibu na kapu.

Na kwa kimo, Mungu amemjalia. Akisimama na kunyosha mkono pasipo kuruka, vidole vyake hubakiza inchi chache tu kulifikia kapu lililo futi kumi juu ya ardhi. Kwa hiyo mwenzake akimrushia mpira juu, yeye huudaka huko huko hewani na kuusindilia, na mlinzi hana la kufanya. Katika msimu wa 2024-25, kila mara kumi alizotupa mpira zaidi ya saba uliingia. Wachache wasiojua mchezo watasema ni rahisi kufunga ukiwa juu ya kapu. Lakini tazameni mitupo ya adhabu, ambapo mtu husimama peke yake, mbali, na urefu haumsaidii kitu. Hapo pia alipata zaidi ya robo tatu. Masenta wengi mashuhuri wameaibika kwenye mstari ule maisha yao yote. Mkono ulio laini namna hiyo kwa kijana aliyeanza mchezo juzi ni dalili njema sana, na kwangu mimi una uzito kuliko hayo madongo yote ya kusindilia kapuni.

Katika ulinzi pia anajua kusimama. Hakimbilii kila mpira kwa pupa. Hunyosha mikono juu na kumwacha mshambuliaji ajiulize mara mbili. Sehemu hii ndiyo niliyosema imekwisha kuwiva, na timu yoyote ya kulipwa ingeweza kuitumia tangu siku ya kwanza.

Sasa tuje kwenye sehemu iliyo mbichi. Tarehe 5 Aprili 2025, mjini San Antonio, Duke ilikutana na Chuo Kikuu cha Houston katika nusu fainali ya ubingwa wa vyuo vyote. Duke iliongoza kwa pointi 14 katika kipindi cha pili, na zilipobakia sekunde kama 35 ilikuwa bado mbele kwa pointi sita. Ikashindwa, 70 kwa 67. Nimeurudia kuutazama mchezo ule, na jambo lililonishangaza halikuwa zile sekunde za mwisho. Ni kuwa Maluach, mrefu kuliko watu wote uwanjani, alicheza dakika 21 na hakuokota hata mpira mmoja uliorudi kutoka kwenye ubao. Hata mmoja! Upande wa pili alikuwako J'Wan Roberts, mtu wa futi sita na inchi nane tu, lakini mpana, mzima wa umri, aliyekaa chuoni miaka mingi. Mpira ukirushwa tu, Roberts na wenzake walikuwa wamekwisha kumwekea kijana mgongo na kumsukuma mpaka chini ya nyavu, mahali ambapo urefu hauna faida kwa sababu mpira huangukia nyuma yako.

Kazi hiyo haifanywi kwa mkono bali kwa kiuno na miguu, na kwa kujua kabla ya wenzako mpira utaangukia wapi. Hufundishwa, lakini haifundishiki kwa maneno. Hufundishwa kwa kusukumwa siku nyingi. Pia Maluach hakuwa mtoaji wa pasi: wastani wake haukufika pasi moja ya kufungisha kwa mchezo. Maana yake ni kuwa alipopewa mpira mbali na kapu hakujua bado la kuufanyia.

Yafaa nieleze pia kuwa siku ile ile ya San Antonio, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, alitangaza kufutwa kwa visa zote za watu wenye pasi ya Sudan Kusini, kwa madai kuwa serikali ya Juba imekataa kuwapokea watu waliorudishwa. Kijana wa miaka 18 akaingia uwanjani jioni ile huku nchi aliyomo imetangaza kuwa watu wa pasi yake hawatakiwi. Sisemi kuwa hiyo ndiyo sababu ya kukosa mipira. Yaliyotokea chini ya kapu yaonekana wazi. Nasema tu kuwa wale wanaokaa na karatasi zao wakipima kama kijana yuko tayari, hawakuwa na safu ya kuandika jambo la namna hiyo.

Waislamu wa pwani waufuatao mchezo huu wana kipimo chao wenyewe cha senta, nacho ni Hakeem Olajuwon wa Nigeria. Nami nitakitumia, maana kinafaa kuliko wengi wanavyodhani. Olajuwon alizaliwa Lagos mwaka 1963. Alisoma Muslim Teachers College, akawa kipa wa kandanda na mchezaji wa mpira wa mikono, na kikapu hakukigusa mpaka alipofika miaka 15. Mwaka 1980 akaenda Marekani, na chuo alichoingia ni hicho hicho cha Houston kilichomfunga Maluach.

Mwaka wa kwanza hakucheza kabisa. Msimu wa 1981-82, alipoanza kucheza, alikuwa na miaka 18 akiingia 19, na wastani wake ulikuwa pointi 8.3 na mipira 6.2 ya kwenye ubao. Maluach kwa umri uo huo alipata pointi 8.6 na mipira 6.6. Mtu asiyejua majina angesema ni mchezaji mmoja! Tofauti iko mahali pamoja: Olajuwon alikuwa akizuia mitupo 2.5 kwa mchezo, Maluach 1.3, na huyu wa pili ndiye aliyepewa dakika zaidi.

Lakini tazameni yaliyofuata. Olajuwon hakuchaguliwa na timu ya kulipwa mwaka 1982. Alibaki chuoni misimu miwili zaidi chini ya mwalimu Guy Lewis. Wakati wa kiangazi alikwenda ukumbi wa Fonde mjini Houston kucheza na Moses Malone, bingwa wa kuokota mipira, aliyemgonga na kumsukuma mpaka akajifunza kusimama. Akashindwa fainali mbili mfululizo: 1983 na North Carolina State kwa 54 dhidi ya 52, na 1984 na Georgetown ya Patrick Ewing. Msimu wake wa mwisho chuoni alifikisha pointi 16.8, mipira 13.5, na mitupo 5.6 aliyoizuia. Ndipo Houston Rockets ilipomchagua wa kwanza mwaka 1984, mbele hata ya Michael Jordan, na mwaka wake wa kwanza wa kulipwa akapata wastani wa pointi 20.6. Mtu aliyekwenda NBA akiwa na miaka 21 hakuwa yule wa miaka 19.

Najua nitajibiwa kuwa Malone mwenyewe hakusoma chuo hata siku moja. Alitoka shule ya sekondari mwaka 1974 akaingia moja kwa moja kwenye mchezo wa kulipwa. Ni kweli. Ila Malone aliingia na kazi ile ile ambayo Maluach hana: kuupigania mpira chini ya ubao. Mfano ulio karibu zaidi na kijana wetu ni Manute Bol, naye wa Sudan Kusini, aliyechaguliwa mwaka 1985 baada ya mwaka mmoja tu katika chuo cha Bridgeport. Msimu wake wa kwanza alizuia mitupo 397, akawashinda wote wa ligi. Lakini wastani wake wa pointi ulikuwa 3.7. Aliajiriwa kwa kazi moja, akaifanya kazi moja mpaka akastaafu. Hilo ndilo ninalomwogopea Maluach, kwa kuwa mkono wake unaweza zaidi ya hapo.

Vijana wetu hupenda pia kuuliza habari ya Olajuwon na saumu. Habari yenyewe ni ya kweli. Februari 1995 ilikuwa Ramadhani, naye alicheza mchana na usiku bila kuvunja saumu yake, asiguse hata maji kabla ya magharibi, na mwezi ule ule akatajwa mchezaji bora wa mwezi katika ligi nzima. Juni yake Rockets wakatwaa ubingwa wa pili kwa kuifunga Orlando ya Shaquille O'Neal michezo minne kwa sifuri. Wengi huisimulia habari hii kama karama tu, na mimi sina ubishi na baraka za Mwenyezi Mungu. Lakini yafaa wakumbuke pia kuwa alikuwa na miaka 32, mwenye misimu kumi na moja mgongoni, ambaye kila hatua yake ilikuwa na kazi yake na haitupwi bure. Miguu ile iliyowazungusha walinzi wa Marekani ilifundishwa kwanza Lagos, kwenye kandanda na mpira wa mikono, kisha ikasuguliwa Fonde. Maluach naye ametoka kwenye kandanda. Akiendelezwa, sioni kwa nini miguu yake isitii.

Je, ataendelezwa? Waliomchagua kwa jina walikuwa Houston Rockets, lakini haki yake ilikwenda Phoenix Suns katika mabadilishano makubwa yaliyompeleka Kevin Durant Houston. Usiku ule ule Suns wakamchukua senta mwingine kutoka Charlotte, Mark Williams, naye aliyepitia Duke, ila kwa miaka miwili. Kwa hiyo msimu wa 2025-26 kijana aliuanza akiwa kwenye benchi. Mashabiki wengi walinung'unika, mimi nilifurahi. Ile misimu miwili aliyoikosa chuoni lazima ailipe mahali fulani, na heri ailipe mazoezini, akisukumwa kila siku na mtu mzima, kuliko kuilipa mbele ya watu elfu kumi na saba wakimzomea.

Wanaomfuata wasihesabu pointi zake kwa sasa. Wamtazame mpira unapotoka mkononi mwa mshambuliaji: je, kijana anageuka kuuangalia ukienda, au anamtafuta kwanza mtu wa kumwekea mgongo?