Dada, hujalogwa, ni moyo!

Huku kwetu Sumbawanga baridi ni ile ile, na maneno ya mitaani ni yale yale: mtu akivimba miguu, basi "kakanyaga kitu". Jina la mji wenyewe hutafsiriwa "tupa uchawi", lakini wapi! Wengi hatujautupa.

Nina jirani, binti wa miaka 24, muuza mitumba. Alianza kuhema akipanda kile kilima kidogo cha kwenda kwake. Tukasema ni mwinuko wa Ufipa. Mimi nami nikadakia bila aibu, ingawa binti kazaliwa hapa hapa. Mwinuko umsumbue leo kwa nini? Mara viatu vikaanza kumbana jioni. Usiku akawa halali chali, anaegemea mito mitatu, na saa nane anakurupuka kutafuta hewa dirishani. Shangazi yake akaanza kuulizia mganga.

Bahati nzuri mpangaji mwenzake ni muuguzi. Alimbonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa ugoko, sekunde kadhaa, akaachia. Shimo likabaki vile vile, kama kidole kwenye ugali!

"Haya ni maji," akasema. "Na hiyo mito mitatu ndiyo inanitisha. Twende hospitali, moyo huu huenda umeshindwa."

Shangazi akapiga yowe, akidhani ni msiba. Kumbe moyo kushindwa si kusimama, bwana. Ni pampu iliyozidiwa: damu haisukumwi vya kutosha, maji yanajaa miguuni na kwenye mapafu. Ukilala chali yale ya miguuni nayo yanarudi kifuani, unakosa pumzi. (Si kila uvimbe ni moyo, jamani. Figo na ini navyo huvimbisha, ndiyo maana kuna vipimo.)

Na chanzo? Mafindofindo ya utotoni! Kinga ya mwili iliyoamka kupigana na wadudu wa koo iligeukia moyo, milango yake ikaharibika taratibu, miaka na miaka. Sisi vijana tulidhani moyo ni ugonjwa wa wazee wenye vitambi.

Akapewa rufaa hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ile iliyoanzishwa 2015 Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi. Shangazi akaenda naye.

Juzi nimempita anatundika magauni.

"Mito mingapi siku hizi?" nikamchokoza.

"Mmoja, kaka. Ile miwili nimeshaiuza."