Romance ni Lugha ya Nyumbani

Wasee wa Tiwi, tuongee ukweli. Kwa nini mtu akianza kutongoza tu, Kiswahili kinampotea? Mchana kutwa hapo Sokoni anapiga stori kwa Kidigo na Kiswahili, ila usiku meseji zote ni Kiingereza, ati ndio romantic.

Sasa skizeni. Hilo neno "romance" limetoka kwa Warumi kweli, lakini si vile mnadhani. Ufaransa ya zamani, Kilatini kilikuwa cha kanisa na wasomi. Kile watu walichoongea nyumbani, mtoto wa Kilatini cha mtaani, ndicho kiliitwa "romanz". Karne ya 12 hadithi za mashujaa na mapenzi zikaandikwa kwa lugha hio, ndio zieleweke hata na asiyejua Kilatini. Jina la lugha likawa jina la hadithi, mwishowe likawa jina la mapenzi yenyewe.

Yaani romance ilianza pale watu walipoacha lugha ya wakubwa wakatumia ya kwao. Sisi tunafanya kinyume.

Na si ati tumekosa maneno. Mahaba na huba tulipata kwa Waarabu, mapenzi ni ya Kibantu, Kidigo kina kumendza. Shida ni uoga. Kiingereza kinakuficha: ukikataliwa, unasema ulikuwa utani. Ukimwambia mtu "nakupenda" kwa lugha aliyolelewa nayo, huna pa kujificha. Na yeye anajua hivyo.

Haya, futa hio meseji, andika upya.