Binti Anapoombwa Kutoa Mayai ya Uzazi

Yako mambo ambayo wazazi huona haya kuyasema nyumbani, na kwa hiyo watoto huyasikia kwanza kwa wageni. Mojawapo ndilo tutakalolieleza juma hili. Binti wa Kisangani aendaye Kampala au Nairobi kwa masomo au kwa kazi aweza kukuta katika simu yake tangazo la kutafuta msichana mwenye afya, atoe mayai yake ya uzazi kwa ajili ya mama asiye na mtoto, naye atalipwa. Aliye na deni la karo huona hapo mambo mawili mema kwa pamoja: huruma na fedha. Basi yafaa ajue atakachofanyiwa kabla hajajibu.

Mtoto wa kwanza aliyetungwa mimba nje ya mwili wa mama yake alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Miaka michache baadaye waganga waliweza kuchukua yai la mwanamke mmoja na kumpatia mwingine mimba. Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa kutungwa nje ya mwili mwaka 2004, na Kenya mwaka 2006. Kwa hiyo jambo hili si la Ulaya tu. Limekwisha kufika kwa jirani zetu.

Matayarisho yake ni haya. Kwanza binti huulizwa habari za magonjwa ya ukoo wake, na damu yake hupimwa UKIMWI, kaswende, homa ya ini, na mara nyingi selimundu pia. Halafu huanza sindano. Kwa kawaida mwili wa mwanamke hukomaza yai moja kila mwezi. Dawa hizi huulazimisha ukomaze kumi au zaidi kwa mara moja. Hudungwa kila siku, kwa muda wa siku nane hata kumi na nne, chini ya ngozi ya tumbo, na mara nyingi hujidunga mwenyewe. Kila baada ya siku chache hurudi kupimwa kwa ekografia. Mwishoni hudungwa sindano ya kuyaivisha mayai. Na saa 36 hivi baadaye hulazwa kwa dawa ya usingizi, mganga akapitisha sindano ndefu katika njia ya uzazi, akayavuta mayai moja moja. Kazi hiyo haizidi nusu saa, naye hurudi nyumbani siku ile ile.

Tuseme kweli yote: wengi hupona bila shida, wala si sahihi kusema kwamba mayai yao yatakwisha. Lakini wengine huvimba vifuko vya mayai, tumbo likajaa maji, wakatapika na kukosa pumzi. Wengine hutokwa damu ndani au hupata usaha. Ni wachache wanaofikia hatari ya kufa, lakini wapo. India, ambako biashara hii ilienea sana, ilitunga sheria mwaka 2021: mwanamke atoe mara moja tu maishani, awe na umri wa miaka 23 hata 35, wala yasichukuliwe mayai zaidi ya saba. Sheria kali namna hiyo haitungwi pasipo hatari. Nasi twauliza: msichana wa kwetu akiugua juma moja baadaye, katika chumba cha kupanga, mbali na mama yake, ni nani atakayemlipia hospitali?

Wengine watatuambia, “Mbona mwatuhimiza kutoa damu?” Jibu si gumu. Damu humponya mtu aliyekwisha kuwapo. Yai ni mwanzo wa mtu mpya, nalo lachukua ukoo mzima ndani yake: mababu, sura, hata magonjwa. Mtoto atakayezaliwa atakuwa na ndugu asiowajua. Uingereza, kwa wale waliotoa tangu mwaka 2005, mtoto afikapo miaka 18 aweza kuuliza jina la mtoaji. Hivyo hata watu wa serikali wamekiri kwamba kiu ya mtoto ya kujua alikotoka haizimwi kwa fedha.

Kanisa lilitoa fundisho lake mwaka 1987, katika andiko liitwalo Donum Vitae: mtoto ana haki ya kutungwa na kuzaliwa katika ndoa ya baba na mama yake, pasipo mtu wa tatu kuingia kati. Lakini tusikosee hapa. Mtoto aliyezaliwa kwa njia hiyo hana hatia yoyote, naye apendwe na kubatizwa kama wengine.

Je, mama asiye na mtoto tumwache na machozi yake? Hasha. Nchi yetu ya kaskazini yamjua sana. Mtaalamu Anatole Romaniuk, aliyechunguza hesabu ya watu wa Kongo ya miaka 1955–1957, alikuta kwamba katika Uele na sehemu nyingine za kaskazini wanawake wengi mno walifikia uzee bila kuzaa. Magonjwa ya zinaa, hasa kisonono, ni sababu kubwa iliyotajwa, kwa maana huziba mirija ipitayo mayai. Fikirini basi: ambaye mirija yake imeziba aweza kuwa na mayai mazima, na yai la mwingine halizibui mirija. Amfaaye ni mganga wa kumtibu mapema, pamoja na mume aliye tayari kupimwa naye. Waume wengi hukataa, wakamwachia mke aibu yote.

Wazazi, semeni na binti zenu juu ya mambo haya kabla hawajapanda gari. Nawe binti, ukibanwa na karo, mwambie baba, mjomba, au paroko. Deni la shule laweza kulipwa kidogo kidogo. Na tulio na watoto tuache kumcheka asiye nao, kama Penina alivyomcheka Hana. Katika mitaa ya Makiso na Mangobo wapo watoto waliofukuzwa nyumbani kwa kusingiziwa uchawi. Wanangoja mama.